Kutajwa Tu?

Wengine hufuata Ligi Kuu ya Uingereza. Mimi hufuata orodha ya kesi. Nafungua tovuti ya Kenya Law, natafuta Mahakama Kuu, kisha Milimani, kitengo cha Katiba na Haki za Binadamu, halafu nashuka polepole na kidole: jina la jaji, saa, nambari ya kesi, nani anamshtaki nani, na mwisho kabisa kesi imekuja kufanya nini. Hapo mwisho ndipo pa muhimu. Kutajwa, kusikilizwa, uamuzi, hukumu. Ukishajua tofauti ya hayo maneno manne hutapoteza bando yako bure.

Naishi Plateau, nje kidogo ya Eldoret, penye baridi, mahindi, maziwa na reli ya zamani. Nairobi iko mbali, lakini tangu korona ya 2020 kesi nyingi huendeshwa kwa video, kwa hivyo unaweza kumwona wakili amevaa tai ukiwa kwenu na gumboots.

Kesi yangu haina jina langu. Ni ile ya mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu, uliozinduliwa na Rais Ruto Mei 2023. Badala ya serikali kupeleka pesa moja kwa moja chuoni kama zamani, kila mwanafunzi angepimwa uwezo wa kwao na kuwekwa kwenye kundi lake. Uwezo ukipanda, msaada unapungua na mzazi anaongeza. Mimi nilijiunga mwaka huo huo. Niliwekwa kundi la wenye uwezo zaidi. Mama anauza maziwa. Mwaka wa pili nilifunga sanduku nikapanda matatu ya kurudi nyumbani, na sasa naandikia watu makala kwa malipo ya Mpesa.

Walioenda kortini ni Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ile isiyo ya serikali, na wenzao. Katiba ya 2010 inaruhusu hivyo: kifungu cha 22 kinakubali mtu kushtaki kwa niaba ya umma, na cha 165 kinaipa Mahakama Kuu kazi ya kuamua kama haki imevunjwa. Ndiyo maana kesi ilianzia huko, haikuanzia Mahakama ya Juu, ingawa watu mtaani huchanganya hizo mbili kila siku.

Mama huniuliza jioni, akiosha mitungi.

"Kesi yenu imefika wapi?"

"Itatajwa wiki ijayo, Mama."

"Kutajwa tu? Si hata sisi hapa tunaitaja kila siku?"

Sikuwa na jibu. Kutajwa ni mawakili kumwambia jaji nani ameleta karatasi na nani bado, kisha wapewe tarehe nyingine. Kazi inafanyika, lakini ukiwa unadaiwa karo haionekani kama kazi.

Oktoba 3, 2024 Jaji Chacha Mwita alisimamisha mfumo huo kwa muda. Desemba 20 akatoa hukumu: mfumo unabagua, na wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Angalia hiyo tarehe vizuri. Likizo ya Mahakama Kuu huanza Desemba 21 hadi Januari 13, kwa hivyo tulishinda siku ya mwisho kabla ya watu kufunga ofisi. Nilimsomea Mama habari hiyo kwa simu. Akauliza, "Kwa hivyo unarudi lini?"

Hukumu haikuwa na mstari wa kunirudisha. Ilizungumzia mfumo. Halafu Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu yenyewe, rufaa ikisubiri, na mfumo ukarudi kazini. Kusimamisha si kuamua; hilo nalo ilibidi nimweleze Mama, na wakati huu hakucheka.

Nimefikiria sana kuhusu hizi kalenda mbili. Ya mahakama ina vipindi, likizo, tarehe za kutajwa, na lazima iwe hivyo, maana jaji anayekimbia ni hatari kuliko anayechelewa. Ya chuo nayo ina muhula, na muhula hausubiri mtu. Anayepelekea wengine haki yao kortini mara nyingi huwa anawashindia walio nyuma yake, si yeye. Sisi wa 2023 tuko kwenye hoja za mawakili kama mfano.

Hata hivyo sijaacha kufuata. Mdogo wangu anafanya KCSE hivi karibuni, na siku moja ataulizwa mapato ya kwetu ni shilingi ngapi. Jana nilimwonyesha jinsi ya kufungua ile orodha. Akashuka na kidole hadi mwisho, akasoma kwa sauti, "Kutajwa," kisha akaniuliza ni saa ngapi.