Mafuta ya Ubuyu na Jua la Adhuhuri

Hapa kwetu Ngamiani ubuyu haukosekani sokoni, na siku hizi mafuta yake husifiwa kuwa ni kinga ya ngozi. Sifa hiyo ina chanzo: unga wa ubuyu una vitamini C nyingi kuliko chungwa kwa uzani ulio sawa, pamoja na viini vingine vinavyopunguza uchakavu wa chembe hai. Lakini vitamini C huyeyuka katika maji, wala haimo katika mafuta yanayokamuliwa kwenye mbegu. Mafuta hayo hulainisha ngozi, nami hujipaka kila jioni.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, ana mjukuu mwenye ualbino. Alikuwa akimpaka mafuta hayo, kisha akimwacha acheze nje adhuhuri.

“Mwanangu, mti wa porini haumdhuru mtoto,” aliniambia.

“Haumdhuru, Bibi, lakini haumkingi na jua.”

Ngozi isiyo na rangi yake ya asili hushikwa upesi na saratani kwa sababu ya jua. Yafaa kofia pana, nguo za mikono mirefu, na mafuta maalumu ya kuzuia jua, kama Kilisun yaliyobuniwa katika hospitali ya KCMC, Moshi. Mafuta tuliyaulizia kliniki; kofia Bibi alimsukia mwenyewe, ya ukindu.