Kisasa cha Lini?

Mama yangu mkubwa aliniagiza nimwandikie kibao. Ukarabati wa Soko la Kariakoo ulikuwa unaelekea ukingoni, naye, baada ya miaka ya kuuza mahali pa kujishikiza, alikuwa akijiandaa kurudi. Kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye nijulikanaye kwa kalamu, nililipokea agizo hilo kama heshima. Nikatafuta ubao, nikaupaka rangi nyeupe, nikaandika kwa hati ya mapambo: “Viungo Bora, Huduma ya Kisasa”.

Nikampelekea. Nikamwamkia, akaniitikia, akauchukua ule ubao na kuuegemeza ukutani. Aliusoma polepole, midomo ikicheza.

“Mwanangu,” akasema, “hapa kwenye kisasa. Kisasa cha lini?”

Nilicheka, nikidhani ananitania. Hakucheka. Akaniambia kwamba mwaka 1975, soko lile lilipofunguliwa, yeye alikuwa binti, na neno alilolisikia vinywani mwa watu lilikuwa hilohilo: soko la kisasa. “Sasa hivi nalo limekuwa la zamani, linafanywa la kisasa tena. Hilo neno halikai. Futa.”

Ndugu msomaji, nimeishi na maneno kwa muda mrefu, lakini sikuwahi kulitazama neno hilo kwa jicho lile. *Kisasa* ni *sasa* iliyovikwa kiambishi. Na sasa, kwa tabia yake, haingoji mtu. Ukiyaahidi maisha ya soko kwa neno hilo, umeyaahidi kwa kitu kinachopita unapokitamka.

Tena soko lile lilistahili sifa zake. Lilibuniwa na Beda Amuli, Mtanzania aliyekuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo wa Afrika Mashariki kusomea ubunifu wa majengo. Paa lake ni safu za zege zilizokaa mfano wa miavuli iliyopinduliwa, zinazokinga maji ya mvua na kuiachia hewa ipite juu ya vichwa vya watu. Mtu aliyekuwa amesimama chini yake saa saba mchana, mwezi wa Februari, hakuhitaji kuelezwa kwamba aliyelichora jengo lile aliijua Dar es Salaam na joto lake. Chini ya ardhi kulikuwa na ghorofa nzima ya biashara, ambayo watu, bila kumwomba mtu ruhusa, waliiita Shimoni. Huko ndiko alikokuwa na kizimba chake mama yangu mkubwa: mdalasini, iliki, karafuu, bizari, pilipili manga. Utotoni nilimtafuta kwa pua kabla sijamwona kwa macho.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko likaungua. Mimi nilipata habari kwa simu. Yeye alipata kwa kwenda mwenyewe alfajiri na kusimama nyuma ya utepe pamoja na wenziwe. Alichoniambia siku ile nakikumbuka: hakuulizia mzani wala magunia. Alisema, “Daftari langu la madeni limo mle.” Humo yalikuwamo majina ya watu waliomkopa na majina ya watu aliowakopa yeye. Miezi iliyofuata baadhi ya wadeni wake walimtafuta hadi alikohamia, wakamlipa kwa kumbukumbu zao wenyewe. Wengine hawakuonekana. Naye aliowakopa, alikwenda kuwataja mmoja mmoja, akawaomba subira.

Serikali ikatenga takriban shilingi bilioni 28 kwa ajili ya kulikarabati soko kuu na kujenga jengo jipya pembeni yake. Ni fedha nyingi, na sina ugomvi nazo. Soko linahitaji mabomba ya kuzimia moto, nyaya zilizopangika, njia pana za kukimbilia na vyoo vinavyofaa. Mwenye kuliwazia soko kama ushairi mtupu hajawahi kutafuta mlango gizani. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wakitunga methali ya kupamba vitabu. Walikuwa wakitoa ushauri wa ujenzi.

Lakini kauli ya mama mkubwa ilinirudisha kwenye maneno, na maneno yakanionyesha jambo ambalo ramani ya jengo haina mahali pa kulichora.

Tazama kitenzi *uza*. Katika lahaja za kaskazini, kama Kiamu, *kuula* ni kununua. Mzizi huo umeenea katika lugha za Kibantu: Waganda husema *kugula*, Wanyarwanda husema *kugura*, nasi tumebaki na *gulio*, soko la siku maalumu. *Uza* ni kauli ya kusababisha ya mzizi huohuo. Kwa hiyo kuuza, kwa asili ya neno lenyewe, ni kumfanya mwenzio anunue. Muuzaji hasimami peke yake hata ndani ya kitenzi chake; mnunuzi yumo, amejificha tumboni mwa neno.

Na tazama jina lenyewe, Kariakoo. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika ambao Waingereza waliwatumikisha katika Vita Kuu ya Kwanza, na ambao maelfu kwa maelfu yao hawakurudi makwao. Nairobi nako kuna Kariokor, mtaa na soko, jina lililotoka chimbuko hilohilo. Watu walilipokea jina la kigeni, wakalilainisha kwa ulimi wao, likawa lao. Majengo yamebadilika na watawala wamebadilika. Jina limebaki kwa sababu kila asubuhi kuna mtu anayemwambia kondakta, “Kariakoo, shusha.”

Nilipomweleza mama mkubwa habari za *kuula* na *kuuza*, alinisikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayefundishwa kazi yake mwenyewe. Kisha akaniuliza swali lililokuwa likimnyima usingizi.

“Huko ndani, nitaruhusiwa fungu?”

Naomba nieleze, kwa ajili ya wasomaji wasiolijua soko kwa undani. Mama mkubwa anao mzani, lakini wateja wake wengi hawanunui kwa mzani. Hununua fungu: vijiti vitatu vya mdalasini, punje chache za iliki, vimekunjwa ndani ya kipande cha gazeti, kwa bei ambayo mwenye sarafu mbili tatu anaimudu. Mwanamke anayepika pilau ya watu wanne hahitaji robo kilo ya chochote. Anahitaji fungu na, kama Mungu amejaalia, nyongeza. Lakini fungu lina faida nyembamba. Kodi ya kizimba ikipanda kupita kiasi, kitu cha kwanza kufa si kilo, ni fungu. Na fungu likifa, mwenye sarafu mbili hana tena sababu ya kuteremka Shimoni.

Hofu yake haikuwa kwamba kuna mtu atakayesimama mlangoni kuyakataza mafungu. Hofu yake ilikuwa hesabu. Alikuwa ameikokotoa nyuma ya kalenda, akaifuta, akaikokotoa tena. Tena wateja wake walikuwa wametawanyika miaka mingi. Nani angemhakikishia kwamba watarudi? “Biashara haigombi,” alisema, “lakini husahau.”

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani na ubao wangu, na usiku ule, badala ya kibao, nikaandika ubeti:

Soko si paa na nguzo, wala rangi ukutani,
Ni salamu za liwazo, kwa mwenyeji na mgeni,
Ni fungu lenye tulizo, kwa aliye taabani,
Ukilijenga pasizo, ni ghala, soko ni lini?

Nilimsomea. Akausifu, kwa adabu. Kisha akaniambia kwamba ubeti hautoshi kwenye ubao wa futi mbili, na kwamba mteja mwenye haraka hasimami kuhesabu mizani.

“Basi niandike nini, mama?”

Akafikiri. Akaniuliza kama nakumbuka, nilipokuwa mdogo, nikikaa nyuma yake juu ya gunia, watu walikuwa wakisema nini walipofika. Nilikumbuka mara moja, hata sauti. Walikuwa hawaanzi kwa bei. Walisalimu, wakaulizia watoto, kisha wakauliza: “Fungu lipo?” Naye, akiwa tayari amekwisha kunyoosha mkono kwenye mdalasini, akijibu: “Lipo.”

Niliukwangua ubao, nikaupaka rangi upya, nikaandika maneno mawili kwa herufi nene, bila mapambo: “FUNGU LIPO”.

Aliusoma, akautazama kwa mbali, akausogelea tena. Akasema herufi ya mwisho imepinda kidogo, lakini inasomeka. Kisha akauviringisha ndani ya kanga, akauweka juu ya kabati, kando ya daftari jipya la madeni ambalo bado halijaandikwa jina hata moja.