Mpangaji wa Seva

Mimi nimemaliza kidato cha nne na ndoto yangu ni riwaya. Kompyuta nilijifunzia mtaani tu. Mwaka jana wenzangu wanne, waandishi chipukizi kama mimi, walinikabidhi mchango wao nikodi nafasi kwenye seva ya pamoja, niweke programu ya kupokea hadithi zetu. Nilipata moja ya bure ya Perl, lugha aliyoianzisha Larry Wall mwaka 1987.

Nikaipandisha, nikafungua. Kosa namba 500, basi.

Seva ya pamoja ni kama nyumba ya kupanga ya Manzese: wapangaji wengi, na mwenye nyumba hataki utoboe ukuta. Mimi nilipewa njia ya kupandisha mafaili tu, na kumbukumbu ya makosa ya kusoma.

Usiku wa kwanza niliona dawa ni kufungua kila kitu. Programu nikaipa ruhusa 777: kila mtu asome, aandike, aendeshe. Wapi! Kumbe seva ile hukataa kuendesha programu ambayo mtu mwingine anaweza kuibadilisha. Nikaweka 755: wengine wasome na kuendesha, kuandika niandike mimi peke yangu.

Bado 500. Usiku wa pili nikagundua kosa jingine. Niliandikia kwenye Windows, ambayo humaliza kila mstari kwa alama mbili; Linux hutumia moja. Ile ya ziada haionekani kwa macho, lakini ilikuwa imeng'ang'ania mstari wa kwanza, unaotaja Perl ilipo: /usr/bin/perl. Seva ikawa inatafuta Perl yenye mkia. Haipo.

Usiku wa tatu ikadai moduli ambayo seva haikuwa nayo, na kuongeza kitu kwenye Perl ya wote ni marufuku. Bahati nzuri moduli yenyewe ilikuwa Perl tupu. Nikaiweka kwenye saraka yangu, nikaandika "use lib" kuielekeza programu huko. Chumbani mwangu, siyo ukutani mwa mwenye nyumba.

Ikafunguka!

Sasa niseme ukweli. Siku zote tatu niliwaambia wenzangu kwamba seva ni mbovu. Hadithi ya kwanza ilipoingia, nilimpigia simu aliyeituma, nikakiri: seva ilikuwa nzima, mbovu nilikuwa mimi.

Akacheka. "Mshikaji, hiyo nayo hadithi. Iandike."

Ndiyo hii.