Funguo za Stoo ya Mvinyo

Nilikabidhiwa funguo za stoo ya vinywaji mwaka 1988, katika hoteli moja ya katikati ya jiji la Dar es Salaam, na nilizishika mpaka nilipostaafu. Kabla ya hapo nilikuwa msuuza glasi. Aliyenikabidhi ni mkuu wa baa, mzee wa Kigoa aliyefunga tai hata katika joto la Februari. Mtihani wake ulikuwa swali moja: chumba gani hotelini hakipigwi na jua tangu asubuhi hadi jioni? Nilikijua, maana ndimo sisi wasuuzaji tulimojibanza kula chakula cha mchana. Wiki iliyofuata rafu za mvinyo zikahamishiwa humo, nasi tukahamia chini ya ngazi.

Siku hizo kuchagua kulikuwa kwepesi. Fedha za kigeni zilikuwa adimu na mvinyo wa Ulaya ulifika kwa nadra. Afrika Kusini ilikuwa bado mikononi mwa makaburu na bidhaa zake tulizisusa. Uliobaki ni wa Dodoma. Wageni waliuagiza huku wamenuna, na wengi wao waliomba chupa ya pili.

Nilipopata nafasi ya kwenda Dodoma kikazi nilielewa kwa nini. Wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu Bihawana katika miaka ya 1950, kwa kuwa Kanisa linataka mvinyo wa misa uwe wa zabibu tupu na usiwe umeharibika. Toka hapo kilimo kikaenea Mpunguzi, Hombolo, Veyula na Makutupora, ambako kuna kituo cha utafiti wa zabibu. Ardhi ni kavu, mvua haba, na mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku hupoa. Ulaya mzabibu hulala msimu wa baridi. Dodoma haulali; mkulima huupogoa, nao huchipua upya, hata akavuna mara mbili kwa mwaka. Wenyeji walinionjesha mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ambao bado uko kwenye matangi, haujapelekwa kwa mwenye kiwanda cha kuujaza chupani. Niliyoionja ilitofautiana mno, mmoja safi kabisa na jirani yake umeshaanza kuelekea kwenye siki. Hadi leo ushauri wangu kuhusu mvinyo wa Dodoma ni kununua chupa moja, kuionja nyumbani, kisha kurudi kuchukua katoni za shehena ileile. Na ukiupata mzuri, uweke meza kuu bila kuona haya.

Baada ya 1994 milango ilifunguka. Katoni za Stellenbosch, Paarl na Robertson ziliingia, maduka makubwa yakaziweka kwenye rafu, na harusi zikabadilika. Ndipo nilipoanza kuitwa na kamati.

Anayeijua kamati ya harusi ya Dar es Salaam anajua kwamba mjumbe wa vinywaji hana usingizi. Swali la kwanza huwa bei, nami nilikuwa nikilisukuma mbele na kuuliza mengine. Sherehe ni saa ngapi? Kuna pilau au nyama choma? Wangapi hawagusi kileo? Ukumbini huketi Waislamu, Wasabato na walokole, na heshima yao huanzia kwenye ndoo za barafu: zao ziwe mbali, glasi zao zisichanganywe. Iko pia juisi ya zabibu yenye mapovu isiyo na kilevi, chupa yake imefungwa kama ya shampeni. Mhudumu wangu hakuruhusiwa kuimimina kabla hajamwonyesha mgeni lebo. Katika hilo sikuwahi kulegeza kamba.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za kawaida. Ikiwa ni shampeni ya kugonganisha glasi tu, inatosha watu saba. Ukiwa na wageni 300 na thuluthi yao ndio wanywaji wa mvinyo, kila mmoja glasi mbili, unahitaji chupa 40. Chukua katoni nne za chupa kumi na mbili, na ukubaliane mapema na muuzaji kwamba katoni isiyofunguliwa inarudi. Uliza pia ukumbi unatoza kiasi gani kwa kila chupa inayotoka nje. Nimeona kamati ikiokoa fedha dukani na kuziacha zote mlangoni.

Kuhusu ladha, nilibishana na wajuaji wengi. Wageni wetu wengi wanapenda mvinyo mtamu, na anayewawekea mkavu ili aonekane mstaarabu atarudi nyumbani na katoni zake. Shampeni ndiyo huwachanganya zaidi. Kwa haki, jina hilo ni la mvinyo wa jimbo la Champagne, Ufaransa. Waitalia wana Prosecco, Wahispania wana Cava, na Afrika Kusini wana Cap Classique, inayotengenezwa kwa njia ileile ya Champagne na kwa kawaida huuzwa kwa bei nafuu zaidi. Kwenye lebo, Brut ni kavu. Extra Dry, licha ya jina lake, ina sukari zaidi ya Brut, na Demi-Sec ndiyo tamu hasa. Kwa keki ya harusi mimi huchukua Demi-Sec. Brut ikikutana na sukari ya keki huonekana kali kama ndimu.

Na hao mabwana washereheshaji wanaomwambia mpambe aitikise chupa! Ndani ya shampeni mna mgandamizo unaozidi mara mbili ule wa tairi la gari dogo. Kizibo kinaweza kumtoa mtu jicho. Chupa ipoe kwanza, ishikwe kwa kulazwa upande, kizibo kibanwe kwa kiganja na chupa ndiyo izungushwe. Mlio ukiwa mdogo, kazi imefanyika vizuri.

Lakini kilichonila umri ni joto. Mvinyo hupenda nyuzi 12 au 13 za Selsiasi, zisizopanda na kushuka. Dar es Salaam mchana hupita 30. Joto huusukuma mvinyo utanuke, kizibo kinyanyuke, hewa iingie, na kilichobaki kikawa na ladha ya zabibu kavu zilizochemshwa. Muagizaji mmoja aliwahi kutuletea shehena iliyokaa juani. Niliigundua kabla ya kufungua hata chupa moja, kwa kupapasa shingo. Vizibo vilikuwa vimechomoza na lebo zilinata. Niliikataa yote. Ndiyo sababu hadi leo dukani napapasa kwanza, naangalia kama mvinyo umepungua shingoni, nahakiki stempu ya ushuru, na chupa iliyosimamishwa dirishani siigusi hata ikipunguzwa bei.

Chupa za kizibo cha gome tulizilaza ili kizibo kisikauke. Za kifuniko cha kuzungusha zinaweza kusimama. Mwanga tuliuzima. Mgao wa umeme wa mwaka 2006, na ule wa 2011, ulitufundisha kwamba jenereta ya hoteli hukumbuka lifti na jikoni kwanza. Tulifunga mlango wa stoo na kuingia mara moja tu kwa siku, alfajiri.

Majumbani hali ni nyingine. Mvinyo wa siku kubwa huwekwa juu ya friji, penye joto kuliko kona zote za jikoni, au kwenye kabati la vioo sebuleni, mkabala na dirisha, wageni wauone. Mzee mmoja aliniletea chupa nyeupe aliyoitunza hivyo tangu harusi yake, tuifungue kwenye jubilei ya miaka 25 ya ndoa. Ilikuwa na rangi ya chai. Mkewe aliinusa, akacheka hadi akaketi, akasema, “Baba, hii tumpe mpishi.” Tulifungua nyingine.

Mvinyo mwingi unaouzwa madukani kwetu umetengenezwa unywewe ndani ya miaka miwili mitatu. Unaostahili kusubiri muongo ni mchache, ni ghali, na unahitaji chumba cha baridi ambacho wengi wetu hatuna. Kwa hiyo msomaji wangu wa Pwani, ukiwa na sherehe Desemba, mwezi wa Novemba onja na uchague tu. Nunua wiki ya shughuli. Mwekundu uingize kwenye friji nusu saa kabla ya kuumimina, maana joto la chumba linalotajwa kwenye vitabu ni la vyumba vya Ulaya. Mweupe na shampeni vizamishe kwenye ndoo ya barafu na maji, uongeze chumvi kiganja kimoja. Dakika 20 zinatosha.