Kuficha jina la waifai si usalama

Wacha niseme bila kuzunguka: kuficha jina la waifai hakumzuii mwizi. Anayeumia ni mtu aliyelipa, hasa akiwa anatumia Linux.

Mtindo tunaujua. Mwenye ploti analeta intaneti moja, kila nyumba inachanga mwisho wa mwezi. Fundi anaingia kwenye mipangilio ya ruta, anaficha jina, kisha anawatangazia watu ati sasa majirani hawataiba tena. Wenye simu wanaandika jina wenyewe, wanaingia, maisha yanaendelea. Halafu kuna yule dada wa nyumba ya chini aliyenunua kompyuta ya ex-UK, Windows ikailemea, akaweka Linux Mint na kazi zake za mtandaoni zikaanza kwenda. Anaandika jina lile lile, anangoja, anaambiwa mtandao haupatikani. Kazi ya mteja ni ya kesho asubuhi. Na fundi anamwambia nini? "Hiyo kompyuta yako ni mbovu, rudisha Windows."

Si mbovu. Hii ploti ni yangu pia na hiyo kompyuta nimeishika.

Ruta iliyofichwa hainyamazi. Inaendelea kujitangaza karibu mara 10 kwa sekunde, ila inaacha nafasi ya jina ikiwa tupu. Kwa hivyo kifaa chako ndicho kinapaswa kuanza kuita jina hewani: "Fulani, uko hapo?" Linux haitaita hivyo mpaka uiambie kwamba mtandao huo umefichwa. Unafungua terminali na kuandika:

nmcli device wifi connect "JINA" password "NENO-LA-SIRI" hidden yes

Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo dawa. Kama uliwahi kuuhifadhi mtandao huo bila hayo maneno, rekebisha ule uliohifadhiwa:

nmcli connection modify "JINA" wifi.hidden yes
nmcli connection up "JINA"

Ikikataa bado, angalia jina lenyewe kabla ya kulaumu kitu kingine. Herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja, "Ploti B" na "ploti b" ni mitandao miwili tofauti. Nafasi iliyobaki mwisho wa jina pia inahesabika, na mtu akikutumia jina kwa WhatsApp hiyo nafasi hutaiona.

Kwa dada, kumbe tatizo lilikuwa la pili pia, na hili watu wengi hawalijui. Ruta ilikuwa imejichagulia chaneli ya 5 GHz kati ya zile ambazo waifai inagawana na rada. Kwenye chaneli hizo kompyuta hairuhusiwi kuita kwanza, lazima isikilize. Sasa ruta haitaji jina na kompyuta haiwezi kuuliza. Wote kimya! Tuliingia kwenye ruta, tukaipeleka chaneli 36, akaunganishwa hapo hapo. Ukiona dalili kama hizo, andika iw reg get pia. Ikikuonyesha 00, kompyuta haijui iko nchi gani, na inaogopa kuita kwenye chaneli nyingi kuliko inavyohitaji. sudo iw reg set KE inaiambia iko Kenya.

Sasa huo usalama uko wapi? Mtu mwenye kompyuta na programu ya bure ya kusikiliza waifai anangoja tu mpangaji mmoja arudi nyumbani. Simu yake ikijiunga inataja jina waziwazi, kwa sababu usimbaji wa WPA2 haufuniki hapo. Jina limeshatoka. Mbaya zaidi, kifaa kilichozoea kuita kinaweza kuendelea kuita jina la ploti yenu kwenye matatu, kwenye mkahawa, popote. Hata mwongozo wa NetworkManager, programu ile ile ambayo nmcli inaiongoza, unaonya kwamba mitandao hii itumiwe kwa tahadhari.

Mwenye ploti akitaka kuzuia majirani, kuna njia. Neno la siri refu, WPA2 au WPA3, zima WPS, na ubadilishe neno hilo mpangaji akihama. Hiyo ya mwisho ndiyo hakuna anayefanya, na nadhani ndiko majirani wanakoingilia: wanapewa na mtu aliyehama juzi.

Nimemwomba mwenye ploti arudishe jina lionekane. Amesema atamuuliza fundi, kwa hivyo mnajua tutangoja. Wewe ukihama kutoka mahali palipofichwa, usiiache kompyuta ikiendelea kuita jina la nyumba ya zamani:

nmcli connection delete "JINA"