Usukani Unaochelewa

Nimezaliwa na kukulia Sumbawanga, juu kwenye uwanda wa Ufipa, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ufundi nilijifunza huko huko, kwenye matrekta ya wakulima wa mahindi na alizeti. Ziwa Tanganyika nililijua kwa samaki aina ya migebuka waliopandishwa sokoni, basi. Leo sehemu kubwa ya riziki yangu inatoka Kasanga, chini ziwani, kwenye usukani wa boti, na namna yangu ya kufanya kazi imebadilika kiasi kwamba hata wenye matrekta wanaiona. Ninaisimulia hapa kwa sababu naamini itamfaa fundi yeyote, na zaidi itamfaa abiria anayepanda boti bila kujua nani kaigusa.

Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Boti moja ya faiba, iliyozoea kununua samaki na kubeba abiria vijijini kutoka Kasanga hadi Kipili na Kirando, ilikaa juu ya mchanga muda wote huo. Ni boti ya zamani, ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, na ilikuja na vitu ambavyo boti nyingi za huku hazina: usukani wa haidroliki na otopailoti, kifaa kinachoiongoza boti chenyewe. Wengi hapa wanashika mkono wa injini moja kwa moja na kuugeuza. Ziwa lilipofunguliwa, boti ile ikarudi majini haishikiki. Mwenye boti akanitafuta kwa sababu moja tu, kwamba nilizijua pampu za haidroliki za matrekta.

Nilikuta kila mtu ana hukumu yake. Mwenye boti alikuwa tayari kuagiza otopailoti mpya Dar es Salaam. Vijana wa boti walitaka ile ya zamani ing'olewe itupwe. Wapo waliosema chombo kimechezewa, maana usiku kilikuwa kikiacha njia chenyewe na kuelekea upande wa Kongo. Katika gereji nilizopitia, dereva akileta trekta huambiwa akakae kivulini, fundi afanye kazi yake. Siku hiyo nahodha, mzee wa makamo aliyelijua ziwa tangu utoto, hakuondoka. Nilimwamkia, nikamwomba anieleze anachokisikia mikononi.

"Usukani haukatai, fundi," alisema. "Unachelewa. Nikikata kulia, unakaa kwanza, ndipo boti inakuja. Ikija, inakuja kupita kiasi."

Maneno hayo yalinifungulia kazi nzima. Nyuma ya usukani wa namna ile kuna pampu ndogo. Ukizungusha, inasukuma mafuta kupitia mpira mmoja hadi kwenye silinda iliyofungwa kwenye injini, na mafuta ya upande wa pili yanarudi kwa mpira mwingine. Mfaransa Blaise Pascal alilieleza jambo hili katika karne ya 17: ukiyakandamiza maji yaliyofungwa, msukumo unafika kila upande sawasawa. Mafuta hayabonyei. Hewa inabonyea. Upepo ukiingia ndani ya mipira, mzunguko wa kwanza wa usukani unaishia kuukandamiza upepo, na injini haijasogea bado.

Otopailoti nayo inatumia mipira ile ile. Ina pampu yake ya umeme, na ina kihisi cha dira kinachoiambia boti imeelekea wapi. Boti ikipotoka, inaamuru pampu irekebishe. Injini ikichelewa kuitika, inaamuru zaidi. Injini inapoitika hatimaye, amri zimeshazidi, boti inapita mstari, na marekebisho yanaanza upya upande wa pili. Ndiyo maana boti ilikwenda kama nyoka. Mhandisi Nicolas Minorsky, mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi Marekani, alichapisha mwaka 1922 hesabu za vyombo vinavyojiongoza, na alianzia kwa kuwatazama washika usukani wa meli: kwamba mtu hodari hatazami kosa la sasa peke yake, anapima pia kasi ambayo chombo kinageuka nayo. Nilipokuja kulisoma hilo nilimkumbuka mzee wa Kasanga. Elimu ile ilitoka mikononi mwa watu kama yeye.

Tulianza chini kabisa. Tuliichomoa silinda, nikaisukuma injini kwa mkono, kushoto na kulia. Ilikuwa nzito, grisi imekauka kwenye ekseli inayozungukia. Tuliisafisha na kupiga grisi mpya mpaka ile chafu ikaisha kutoka. Kisha silinda yenyewe: shafti ilikuwa imelowa, na mafuta niliyoyanusa hayakuwa ya haidroliki. Wakati boti imekaa, mtu aliona yamepungua akajazia mafuta ya breki. Naomba kila mwenye boti anisikilize hapa: mafuta ya breki yanakula sili za usukani wa boti. Yalimwagwa yote, mfumo ukaoshwa, sili zikabadilishwa, tukajaza mafuta mepesi ya haidroliki, namba 15.

Kutoa upepo ndiyo kazi yenyewe, nayo inataka subira. Chupa ya mafuta inafungwa kichwa chini kwenye mdomo wa pampu ya usukani ili isikauke hata kidogo. Mmoja anazungusha usukani polepole upande mmoja. Mwenzake yuko nyuma, amefungua nipeli ya silinda, mpira mwembamba unamwaga kwenye chupa inayoonyesha ndani. Unatoka mchanganyiko mweupe wenye mapovu, unaendelea mpaka yatoke mafuta safi matupu, ndipo anafunga na kuhamia upande wa pili. Wengi huishia hapo. Lakini pampu ya otopailoti ina upepo wake, kwa hiyo tuliiwasha tukaiamuru kushoto na kulia, kisha tukarudia kazi yote. Mwisho nahodha alizungusha hadi mwisho, usukani ukagota na kubaki pale.

Yaliyobaki yalikuwa madogo. Umeme niliupima kwenye otopailoti yenyewe: betri ilikuwa nzima, lakini pampu ikivuta, volti zilishuka na kifaa kikazima na kuwaka tena, kwa sababu kichwa cha waya wa ethi kilikuwa na kutu. Na lile la usiku? Vijana walikuwa na spika ya muziki, jua likizama wanaiweka chini ya kiti isirushiwe maji. Kihisi cha dira kilikuwa chini ya kiti hicho hicho, na spika ina sumaku. Niliisogeza mbele ya macho yao, namba za dira zikahama. Hakuna aliyechekwa. Walichokiona kilikuwa kweli. Sababu yake ndiyo iliyokuwa haijapatikana.

Tulitoka na boti ziwani, nikapunguza ukali wa marekebisho ya otopailoti, boti ikashika mstari.

Tangu hapo siagizi kifaa kabla sijamsikiliza anayekitumia, na sigusi cha juu kabla sijapima cha chini. Trekta ikiletwa Sumbawanga, dereva anakaa na mimi. Vilevile siafiki haraka ya kutupa cha zamani. Ziwa hili linaijua meli ya MV Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na ikaanza safari tena mwaka 1927.

Jambo moja nimelishikilia hadi wengine wananiona mkali. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wametapakaa ziwani na taa zao, na kuna mitumbwi isiyo na taa kabisa. Otopailoti haioni mtumbwi. Karibu na wavuvi inazimwa, usukani unashikwa na mtu. Na miezi ya upepo wa kusini, kuanzia Mei hadi Septemba, mawimbi yakikua, usukani unaochelewa unaweza kuilaza boti ubavu mbele ya wimbi ikiwa na watu ndani. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Kwenye ubao kando ya usukani nahodha ameandika mizunguko ni mingapi kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Kila asubuhi kabla ya kuwasha injini anaihesabu upya, kijana mmoja akiwa nyuma anapapasa shafti ya silinda kwa kitambaa kikavu. Mizunguko ikizidi au kitambaa kikilowa, ananipigia simu kwanza, na abiria wanabaki ufukweni.