Alfajiri ya Kanga Huko Mbeere

Kanga hamngoji mtu aliyelala. Hilo tulijifunza kwa hasara mwezi wa Februari, tulipofika Mbeere saa tatu asubuhi tukiwa na darubini ya kuazima, mandazi, na watoto wawili walioahidiwa kundi zima la ndege. Tulichokikuta ni vumbi lililochakurwa, manyoya matatu yenye madoadoa, na mjomba wangu akicheka kando ya shamba lake la ndengu lililokuwa limekwisha vunwa.

"Wamekula wakaenda zao," alisema. "Nyinyi wa Nairobi mlidhani wanafungua saa tatu kama benki?"

Huko Marekani kuna watu ambao siku ya kwanza ya kuwinda bata mzinga wa porini, majira ya baridi yakiisha, huipangia wiki nzima. Jioni ya kuamkia siku hiyo huenda kusikiliza ndege wamelala mti gani, na kabla ya mapambazuko huwa wameketi karibu nao kimya, bunduki magotini. Sisi bata mzinga wa porini hatuna. Tuna kanga, na Wazungu wa zamani waliwachanganya hao wawili hata yule wa Marekani akapewa jina la nchi ya Uturuki, kwa kuwa kanga walikuwa wakiwafikia kupitia kwa wafanyabiashara wa huko. Wanasayansi nao humwita kanga Numida meleagris, na bata mzinga Meleagris gallopavo. Nasi hatukubaki nyuma: yasemekana leso za akina mama ziliitwa kanga kwa ajili ya madoa ya ndege huyu.

Basi tulipanga upya, safari hii kama wawindaji, ila bila bunduki. Kuwinda wanyama kulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013 anayetega ndege wa porini bila kibali ana kesi ya kujibu. Hata kufuga kanga nyumbani kunahitaji kibali cha Shirika la Wanyamapori. Mwanangu, mwenye umri wa miaka 12, alikuwa na manati mfukoni. Nilimwomba aiache nyumbani. Aliniuliza kwa nini babu yake wa Mbeere aruhusiwe mitego naye akatazwe manati. Sikuwa na jibu la haraka.

Msimu ni jambo la kwanza. Wakati wa kiangazi, Januari na Februari au Julai hadi Septemba, kanga hukusanyika makundi makubwa. Mvua zikinyesha hugawanyika wawili wawili, wakataga chini nyasini, na kuwaona ni kazi. La pili ni malazi yenu. Ukitoka Nairobi alfajiri umechelewa tayari. Heri ulale Embu, au kwa jamaa huko Kiritiri. Nguo ziwe za rangi ya udongo, lakini tafadhali usimvalishe mtoto zile za madoadoa ya jeshi. Wamarekani huvaa hizo. Hapa kwetu raia akizivaa huvunja sheria. Chai ichemshwe usiku, itiwe kwenye chupa.

Jioni ile mjomba alitupeleka mpaka kwenye migunga iliyo nyuma ya boma. Kanga walikuja wakikimbia kwa mstari, maana wao hupenda miguu kuliko mabawa, kisha wakaruka mmoja mmoja kwenda matawini kwa kelele kama ya bawaba isiyotiwa mafuta. Tuliuweka alama mti, tukarudi kulala.

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tumejibanza chini ya kichaka. Baridi ya Mbeere kabla ya jua si mzaha, ingawa saa sita mchana utaapa haijapata kuwako. Kulipopambazuka alishuka mmoja, akasimama akitazama. Kisha wote. Mwanangu alihesabu 31. Binti yangu akasema 33, nao wakagombana kwa kunong'onezana mpaka kundi lilipofika shambani na kuanza kuchakura punje zilizosalia.

"Hao mnaowasifu," mjomba akasema polepole, "mwezi huu nikipanda, watafukua mstari mzima kabla sijanywa chai. Mpwa wangu, nani atanilipa mbegu?"

Nilimwambia kwamba wanakula pia mchwa na wadudu wengine waharibifu. Alinitazama kwa huruma. Mtu aliyepanda mara mbili msimu mmoja hatulizwi na habari za mchwa. Ni mwanangu aliyemuuliza: "Babu, na mtu akiwafukuza kwa debe kila alfajiri mpaka mbegu zimee?" Mjomba alicheka, akasema debe analo, wa kuamka ndiye hana, kwa kuwa vijana wote wako mjini.

Mchana tulipita Hifadhi ya Mwea, iliyotengwa mwaka 1976 pale mto Thiba unapokutana na Tana, tukaona viboko. Lakini hamu ya watoto sasa ni Mbuga ya Meru, iliyoanzishwa mwaka 1966, mahali alipozikwa Elsa, yule simba wa akina Adamson. Huko, kwenye nyika yenye mikoche, yuko kanga mwingine mwenye kichwa kipara kama cha tumbusi na kifua cha buluu kali. Mwaka 2019 watafiti waliokuwa Mpala, Laikipia, walieleza kwamba makundi ya ndege hao hujuana na kuchagua makundi ya kutembea nayo, jambo lililodhaniwa ni la wanyama wenye ubongo mkubwa. Tumeipangia Agosti. Tutavuka daraja la Nithi mchana. Wengi mno wamepoteza maisha pale, wala hakuna ndege wa kumkimbilia usiku.

Mwishoni mwa Machi mjomba alipiga simu. Hakunisalimu sana.

"Mvua imenyesha, mbegu ziko chini," alisema. "Zile nyaya nimezitundika ghalani, sijatega. Sasa hao watoto wako waje Ijumaa. Na waje na sauti."